Ardhi Haishikwi kwa Jasho Peke Yake

Mhadhara kwa viongozi wa walei juu ya familia, ardhi na haki





Nabii Nathani alipotumwa kumwonya mfalme Daudi, hakuanza kwa kutaja kosa la Daudi. Alimsimulia habari za tajiri mmoja na maskini mmoja, na mwanakondoo mmoja aliyelelewa na yule maskini kama mtoto wake. Daudi alisikiliza, akakasirika kwa haki, akatoa hukumu. Hapo ndipo alipotambua kwamba amejihukumu mwenyewe.

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya ardhi. Twajua kwamba wengi wetu tumekuja hapa na mgogoro kifuani: mpaka uliosogezwa usiku, shamba la mjane lililotwaliwa na ndugu wa marehemu, ekari zilizowekwa rehani na hazikurudi. Tukianza na hayo tutagawanyika kabla ya jua kufika utosini. Kwa hiyo tutafuata njia ya Nathani. Tutakwenda mbali, hadi Marekani, katika nchi tambarare za Magharibi ya Kati, tukaitazame familia ya wakulima waliohamia huko kutoka Uholanzi. Baadaye tutarudi nyumbani.

Watu hao si wageni kabisa kwetu. Mapadre Waholanzi wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofanya utume Bagamoyo na Morogoro, na wale wa Mill Hill waliofanya utume Kenya magharibi na Uganda, wengi wao walizaliwa katika familia za wakulima wa namna hiyo hiyo. Mama aliyemtoa mwana mmoja aje kutubatiza huenda alikuwa na ndugu aliyepanda meli kwenda Amerika. Ni ukoo mmoja wa imani.

KUONA

1. Njaa, meli na msitu

Katikati ya karne ya 19 maisha ya mkulima mdogo wa Uholanzi yalikuwa magumu. Katika mkoa wa Brabant ya Kaskazini, wenye Wakatoliki wengi, udongo ulikuwa wa mchanga na mashamba yalikuwa yamegawanywa vipande vipande kwa kurithishana. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, chakula cha maskini, ukavioza shambani. Kodi haikupungua kwa sababu viazi vimeoza.

Waprotestanti walitangulia kuhama. Mwaka 1847 mchungaji Albertus van Raalte aliwaongoza watu wake hadi Michigan, wakaanzisha mji wa Holland. Na mchungaji Hendrik Scholte akawafikisha wake Iowa, wakaanzisha mji wa Pella. Hao walikuwa na sababu mbili, njaa na uhuru wa dhamiri, kwa maana walikuwa wamesumbuliwa na serikali baada ya kujitenga na kanisa lililotambuliwa nayo.

Wakatoliki waliongozwa na padre Mdominikani, Theodorus van den Broek. Padre huyu alikuwa ameingia Marekani tangu mwaka 1832, na mwaka 1836 akakaa Little Chute, kando ya mto Fox katika Wisconsin, akiwahubiria watu wa kabila la Menominee, wenyeji wa nchi ile. Mwaka 1847 alirudi Uholanzi, akaandika na kutangaza habari za nchi ile mpya. Na mwaka 1848 meli tatu zikaondoka na Wakatoliki waliokubali kumfuata. Ndio walioijaza parokia ya Mtakatifu Yohane Nepomuki ya Little Chute, na wengine wakaanzisha kijiji cha Hollandtown kisicho mbali na hapo.

Tuchukue familia moja ya mfano. Hatumtaji mtu fulani. Twachora sura ya wengi. Baba, mama, watoto watano, na bibi aliyekataa kubaki peke yake. Wameuza kitanda, ng'ombe mmoja na saa ya ukutani. Wamekaa baharini majuma mengi, chini ya sitaha, katika harufu ya ugonjwa. Baada ya bahari kulikuwa na mifereji na Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na huko nako hatari ilikuwapo. Mnamo Novemba 1847 meli iitwayo Phoenix ilishika moto katika Ziwa Michigan, karibu na mji wa Sheboygan, ikiwa imejaa wahamiaji Waholanzi. Wengi walikufa wakiwa karibu kabisa na pwani waliyokuwa wameitafuta tangu Rotterdam.

Familia yetu ilifika salama. Ilikuta nini? Ilikuta msitu. Watu waliozoea nchi ya wazi, yenye mifereji na minara ya kengele inayoonekana toka mbali, walisimama chini ya miti mikubwa iliyoziba jua. Ekari ya ardhi ya serikali iliuzwa kwa dola 1 na senti 25, lakini kuilipia ekari hakukuifanya iwe shamba. Mti ulipaswa kuangushwa kwa shoka, magogo kuchomwa, visiki kuachwa vioze na mahindi kupandwa katikati yake. Mtu mmoja mwenye nguvu aliweza kusafisha ekari chache tu kwa mwaka. Wakati huo huo baba alikwenda kufanya kibarua cha kuchimba mfereji wa mto Fox ili apate fedha ya chumvi na unga, na mama akabaki na shoka, watoto na majira ya baridi. Nyumba ilikuwa ya magogo yaliyozibwa kwa udongo. Theluji ilipita katika nyufa, ikatua juu ya blanketi la watoto.

Hata hivyo hawakuwa peke yao. Nyumba ya jirani ilijengwa na kijiji kizima. Aliyekuwa na maksai aliwaazima wasio nao. Mama mmoja alipojifungua, mwenzake alikamua ng'ombe wake. Dominika walikutana kanisani kwa miguu, viatu vya mti vikigonga njiani. Wenyewe wangeweza kusema kama wasemavyo wazee wetu: kidole kimoja hakivunji chawa.

2. Ardhi ilikuwa na wenyewe

Ndugu wapendwa, kama tungeishia hapo tungekuwa na hadithi nzuri ya watu wenye bidii, nasi tungerudi nyumbani tumeburudika. Lakini Kamati ya Haki na Amani haina ruhusa ya kusimulia nusu ya habari. Tuulize swali ambalo halikuandikwa katika hati ya shamba lile: kabla ya ardhi hiyo kuuzwa na serikali, ilikuwa ya nani?

Ilikuwa ya Wamenominee. Tarehe 3 Septemba 1836, karibu kabisa na Little Chute, wakuu wao walitia alama zao katika Mkataba wa Mierezi. Kwa mkataba huo walitoa yapata ekari milioni 4 kwa malipo ya yapata dola 700,000, yaani kama senti 17 kwa ekari. Sehemu ya fedha hizo haikuwafikia hata mikononi, kwa maana ilitengwa kulipa madeni waliyodaiwa na wafanyabiashara. Kisha ekari ile ile ikauzwa kwa mhamiaji kwa senti 125. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya: zaidi ya mara saba.

Tena tutazame mwaka. Mnamo 1848, mwaka ule ule ambao familia za Brabant zilishuka Little Chute, Wamenominee walitiwa katika mkataba mwingine, wakatoa ardhi yote iliyowabakia katika Wisconsin ili wahamie Minnesota. Mkuu wao Oshkosh na wenzake walikwenda kuitazama nchi hiyo waliyoahidiwa, wakaikataa, wakafika hadi Washington kumwomba Rais wasiondolewe. Hatimaye, kwa mkataba wa mwaka 1854, walibakiziwa eneo la msitu kando ya mto Wolf. Wapo hapo hadi leo.

Fikirini, ndugu. Waamini wa kwanza wa padre yule, waliopokea ubatizo kutoka mkono wake, walisukumwa watoke. Na waamini wa pili, maskini wa kwao, wakaingia. Hatukuja hapa kumhukumu padre wala wakulima wale. Wao hawakuandika mkataba. Walilipa bei waliyotajiwa, wakafanya kazi hadi mikono ikapasuka. Lakini jasho la haki linaweza kumwagika juu ya ardhi iliyopatikana bila haki. Jasho halifuti swali hilo. Linatuongezea wajibu wa kulijibu.

Nao Wamenominee walifanya nini na msitu waliobakiziwa? Waliamua kukata miti iliyokomaa, yenye ugonjwa au iliyoanguka, na kuiacha michanga ikue. Wameuza mbao kwa vizazi vingi, na msitu bado umesimama, umezungukwa na mashamba pande zote. Mwaka 1954 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kufuta hadhi yao kama kabila linalotambuliwa na serikali, na umaskini mkubwa ukawaangukia. Walipigania haki yao kwa njia za sheria, na mwaka 1973 hadhi hiyo ikarudishwa. Aliyeonekana ameshindwa mwaka 1848 ametuachia fundisho la utunzaji ambalo wataalamu wa misitu huenda kulitazama.

3. Maziwa, mizani na ushirika

Turudi kwa familia yetu. Miaka imepita, visiki vimeoza, watoto wamekuwa wazazi. Mwanzoni walilima ngano mwaka hadi mwaka, mpaka udongo ukachoka na wadudu wakaimaliza. Hapo wakulima wa Wisconsin waligeukia ng'ombe wa maziwa, na wahamiaji Waholanzi hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kushika chuchu ya ng'ombe. Mbolea ya zizi ilirudisha uhai wa shamba. Ghala kubwa la nyasi lilijengwa kabla ya nyumba nzuri, kwa kuwa ng'ombe ndiye aliyewalisha wote.

Kazi hiyo haikuwa na likizo. Kukamua alfajiri, kukamua jioni, siku ya harusi na siku ya msiba. Watoto walikamua kabla ya kwenda shule. Fedha ya siagi na mayai mara nyingi ilikuwa katika mikono ya mama, na ndiyo iliyonunua viatu na madaftari.

Lakini palikuwa na dhuluma ndogo iliyokuwa ikiwala polepole. Kiwanda cha jibini kililipa maziwa kwa uzito. Aliyeongeza maji, au aliyeengua malai usiku, alilipwa sawa na aliyeleta maziwa mazima. Mwaminifu alikuwa akimlipia mwizi. Majirani walioinjika magogo pamoja wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Mwaka 1890 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Stephen Babcock, alitengeneza kipimo rahisi: maziwa kidogo ndani ya chupa yenye shingo nyembamba, tindikali, kisha chupa huzungushwa kwa kasi mpaka mafuta yapande juu na kusomeka kwa mistari. Tangu hapo kila mkulima alilipwa kwa kadiri ya mafuta ya maziwa yake. Babcock hakujiandikia haki ya kumiliki uvumbuzi huo. Aliuacha uwe wa wote. Kitabu cha Mithali chasema juu ya mizani ya udanganyifu kuwa ni chukizo kwa Bwana. Mtu huyu aliwapa wakulima mizani ya kweli bila kuidai fedha. Sisi twadhani kwamba haki na amani ya vijiji vile ililindwa na chupa ile kuliko na mahubiri mengi yetu.

Pamoja na mizani ulikuja ushirika. Kufikia miaka ya 1920 Wisconsin ilikuwa na viwanda vya jibini zaidi ya 2,000, vingi vikiwa vidogo, kila kimoja mahali ambapo mkulima angeweza kufika na gari la farasi kabla maziwa hayajaganda. Na vingi vilikuwa mali ya wakulima wenyewe. Lakini ushirika nao una mipaka yake pale soko linapokuwa mikononi mwa wachache. Mwaka 1933, katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, bei ya maziwa ilishuka chini ya gharama ya kumlisha ng'ombe. Wakulima wa Wisconsin waligoma mara tatu mwaka huo, wakamwaga maziwa barabarani, na askari wa jimbo wakaitwa dhidi yao. Maziwa yalimwagwa wakati watoto wa mijini walikuwa na njaa. Utaratibu wa uchumi unaomfikisha mkulima hapo, umeshampoteza mkulima na mtoto pia.

4. Deni

Msiba mkubwa zaidi ulikuja bila mgomo wala mvua ya mawe. Ulikuja na kalamu. Katika miaka ya 1970 bei ya nafaka ilipanda, na wakulima wa Magharibi ya Kati walihimizwa kupanua mashamba. Wataalamu walisema hivyo, mabenki yalisema hivyo, na ardhi ilikuwa ikipanda thamani kila mwaka, hata mtu aliyekataa kukopa alionekana mjinga. Mjukuu wa familia yetu akaweka rehani shamba ambalo babu alilitoa katika visiki.

Halafu, kuanzia mwaka 1979, riba zilipandishwa ili kuzuia mfumuko wa bei, hata riba ya msingi ya mabenki ikapita asilimia 20 mwishoni mwa mwaka 1980. Mauzo ya nje yalipungua. Ardhi yenyewe, iliyokuwa dhamana ya deni, ilianguka. Katika jimbo la Iowa, ambako Pella ipo, wastani wa bei ya ekari ulikuwa dola 2,147 mwaka 1981. Mwaka 1986 ulikuwa dola 787. Deni halikushuka pamoja na bei. Mnada ulifika uani. Majirani walikuja kununua trekta la jirani yao huku wakitazama chini. Wapo akina baba waliojiua, kwa kuwa walijiona wamepoteza kwa saini moja kile kilichokusanywa na vizazi vinne. Wazee wetu walikwisha sema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Wala kupungua huko hakukukoma. Wisconsin ilikuwa na mashamba ya maziwa zaidi ya 15,000 mwaka 2004. Mwaka 2024 yalikuwa chini ya 6,000. Ng'ombe hawakupungua kwa kadiri hiyo. Wamekusanyika katika mazizi machache makubwa.

5. Wageni wapya

Na katika mazizi hayo makubwa nani anakamua? Kwa sehemu kubwa ni wageni waliotoka Meksiko na Amerika ya Kati. Wengi wao hawana vibali. Vibali vya muda vya vibarua wa kilimo viliwekwa kwa kazi ya msimu, naye ng'ombe hana msimu wa kukamuliwa. Hivyo yupo mtu anayeamka saa tisa ya usiku katika baridi ile ile iliyoingia katika nyufa za nyumba ya magogo, ili maziwa yafike mezani. Lakini akimwona polisi barabarani, moyo wake husimama. Naye ameacha mama yake kijijini. Naye amekimbia njaa. Naye Dominika anatafuta Misa katika lugha anayoielewa.

Kitukuu wa yule aliyeshuka katika meli mwaka 1848 leo ni mwenyeji, na mgeni amesimama mlangoni pake.

KUPIMA

Tumeona. Sasa tupime kwa mwanga wa Neno la Mungu na Mafundisho Jamii ya Kanisa.

Tarehe 4 Oktoba 1979, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alifika Des Moines, Iowa, katikati ya mashamba hayo, baada ya mkulima mmoja kumwandikia barua ya kumwalika. Katika mahubiri yake aliwaachia wakulima mambo matatu: shukrani, utunzaji wa ardhi, na ukarimu. Mwaka uliofuata, 1980, maaskofu wa majimbo ya eneo hilo walitoa barua ya pamoja juu ya ardhi. Waliipa jina kutoka sura ya 25 ya Kitabu cha Mambo ya Walawi, ambapo Mwenyezi Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba ardhi ni yake, na wao ni wageni na wapitaji kwake. Kati ya kanuni walizozitaja, mbili zatugusa kwa namna ya pekee: ardhi igawanywe kwa haki, na wanaoifanyia kazi ardhi wawezeshwe kuwa wamiliki wake.

Tukiyaweka pamoja hayo tunapata pande tatu za haki ya ardhi.

Upande wa kwanza ni haki kwa waliotangulia. Shukrani ya kweli haiwezi kuishia kwa Mungu na kumsahau Menominee. Mfalme Ahabu alitoa bei nzuri kwa shamba la mizabibu la Nabothi, tena akaahidi jingine lililo bora. Lakini Nabothi alijua kwamba urithi wa baba zake haupimwi kwa fedha. Kulipa senti 17 au kulipa zaidi bado si haki, ikiwa mwenye mali hakuwa na uhuru wa kusema hapana.

Upande wa pili ni haki kwa jirani. Papa Yohane XXIII, katika waraka Mater et Magistra wa mwaka 1961, alieleza kwa urefu jinsi kilimo kinavyoachwa nyuma, akatetea shamba la familia na kuwahimiza wakulima waungane katika vyama vyao. Naye Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens wa mwaka 1981, akadai hadhi kwa kila afanyaye kazi shambani, awe na ardhi au asiwe nayo. Mizani ya kweli, ushirika usioliwa na viongozi wake, mkopo usiomnyonga mkopaji, ujira wa kibarua: hayo ni mambo ya ibada pia. Anayempunja jirani Jumamosi hawezi kumpa mkono wa amani Dominika.

Upande wa tatu ni haki kwa wanaokuja, yaani watoto wetu na wageni wetu. Sura ya 26 ya Kumbukumbu la Torati inamwamuru mkulima wa Israeli aletapo malimbuko yake akiri kwanza kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, mhamiaji maskini. Kwa nini akiri hayo akiwa na kapu lililojaa? Kwa sababu mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na dawa yake ni kukumbuka. Familia inayosahau meli yake itamfungia mlango aliyeko katika meli nyingine.

KUTENDA

Ndugu wapendwa, sasa turudi nyumbani, kama tulivyoahidi. Nathani amemaliza hadithi yake, na kidole chake kimetugeukia.

Nasi tuna mashamba ambayo babu zetu walifyeka, na tunayasifia jasho lao. Vema. Lakini baadhi ya mashamba hayo yalikuwa malisho ya watu wengine, na wao hawajasahau hata kama sisi tumesahau. Nasi tuna vituo vya kupimia maziwa, kahawa na pamba ambako mkono wa karani huelea juu ya mizani. Nasi tuna watu wanaopita vijijini na fedha za haraka, wakiondoka na hati za mashamba. Nasi tuna wageni wanaotulimia mashamba na kulala katika mabanda yetu, tukawaita kwa jina la kabila lao badala ya jina lao la ubatizo. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ya nne mnyime ujira.

Tunapendekeza mambo manne ambayo kila jumuiya inaweza kuyaanza bila kungoja fedha kutoka popote.

Kwanza, kuandika historia ya ardhi ya kijiji. Wazee waulizwe mbele ya vijana: nani alikuwa hapa kabla yetu, na aliondokaje?

Pili, kuchagua watu wawili waaminifu, mmoja wao mwanamke, wa kusimama kando ya mizani siku za mauzo, na kuandika.

Tatu, kukubaliana kwamba hakuna mwana jumuiya atakayeweka shamba la familia rehani kabla ya kuketi na mke au mume wake, watoto wakubwa, na mtu mmoja anayejua hesabu.

Nne, kuwatambua wageni na vibarua waliomo katika eneo la jumuiya kwa majina yao, na kuuliza kama wamelipwa.

Kwa majadiliano katika jumuiya, twaacha maswali haya:

1. Katika familia yetu, nani alihama, na nani alimpokea? Watoto wetu wanalijua jambo hilo?
2. Je, kuna ardhi tunayoitumia ambayo tungeona haya kueleza jinsi ilivyopatikana?
3. Katika mauzo ya mazao yetu, nani anapunjwa, na kwa nini tumenyamaza?
4. Mkulima wa Iowa aliyepoteza shamba alikuwa na majirani wengi mnadani. Walikuwa wapi kabla ya mnada? Sisi tuko wapi?

Tumalizie na picha moja. Ile nyumba ya magogo ilikwisha oza zamani. Msitu wa Wamenominee, uliobakizwa kwa watu walioonekana hawana thamani, bado umesimama. Siku ya hukumu Bwana hatatuuliza tulifyeka ekari ngapi. Atatuuliza habari za mwenye njaa na mgeni, na tuliwafanyia nini.

Mwenyezi Mungu, mwenye dunia na vyote vilivyomo, atujalie kuishika ardhi kama watu walioazimwa, kuigawa kama ndugu, na kuirudisha ikiwa hai. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.